Mchuzi wa Matanga

Juzi nilimnyang'anya mwanangu bakuli kwa nguvu hata mchuzi ukanimwagikia kwenye sketi. Tulikuwa tumemaliza kula pilau ya sikukuu, na yeye kwa huruma yake alikuwa amekusanya masalia ya kila sahani, ukoko, vipande vya nyama na vile vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vyeusi, ampelekee mbwa nje. Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi.

"Mama, si chakula tu?"

Nikamwambia mbwa hali kitunguu. Akauliza kwa nini. Nikafungua mdomo nimjibu kwa kifupi, nikakuta jibu fupi sina, nikaenda kubadili sketi.

Harufu ile ilibaki jikoni mpaka jioni. Si harufu ninayoikimbia, maana hakuna nyumba isiyokaanga kitunguu. Ila kuna jambo moja ambalo shoga zangu hunicheka nalo. Wao wakikata vitunguu hufuta macho kwa viwiko, mimi hukata beseni zima macho makavu, nikipiga soga. Husema nina macho ya mbao. Nami hucheka nao.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukikaa Tinde, nyuma kidogo ya barabara kubwa, pale mabasi yanaposimama na akina mama wanainua karanga na mahindi ya kuchoma mpaka madirishani. Mama, mimi, na baba alipokuwepo. Baba alikuwa mchimbaji wa dhahabu upande wa Geita. Alikuja nyumbani alipopata kitu, na mara nyingine alikuja kwa sababu amekosa kabisa. Watu wakiniuliza baba yako yuko wapi, nilijibu kama nilivyomsikia mwenyewe akisema: "Yuko duarani."

Wachimbaji huliita shimo lao duara, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye. Duara nililolijua mimi ni lile alilolichora mwalimu ubaoni kwa chaki iliyofungwa kwenye uzi. Kwa hiyo kichwani mwangu baba alikwenda Geita kusimama ndani ya mstari mkubwa mweupe uliochorwa ardhini, yeye na wenzake, wakiokota dhahabu kama kuku wanavyodonoa punje, na jua likizama wanauvuka mstari, kazi imekwisha. Niliiona kazi nyepesi. Sikuelewa kwa nini alirudi amekonda vile, na vumbi ndani ya masikio lisilotoka hata kwa sabuni ya kufulia.

Safari moja alirudi na boksi la biskuti lililotobolewa matundu. Ndani yake mlikuwa na mbwa mdogo wa rangi ya kahawia, kifua cheupe, sikio moja limekunjika. Alikuwa ametapika njia nzima ndani ya basi na baba alinuka matapishi yake, lakini alikuwa anacheka. Akampa jina palepale, Karasha. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu; baba alisema huko machimboni inanguruma mchana kutwa mpaka mtu akilala bado anaisikia menoni. Mbwa huyu alipewa mfupa, akauvunja kwa kelele ileile.

Mama hakuwa mtu wa mbwa. Alimlisha kwa sababu baba aliomba. Alimpa ugali uliobaki umelowekwa kwenye maji ya dagaa, basi, asubuhi na jioni, na Karasha akakua akawa mbwa mzima, mwenye mgongo mpana. Sisi wenyewe mboga zetu zilikuwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na mlenda, na dagaa wa kuchemsha na nyanya. Kitunguu kilikuwa cha wageni.

Siku habari ilipokuja, mama alikuwa anapepeta mchele barazani. Simu ikaita. Akasikiliza. Akasema, "Duara limetitia," si kwa kuuliza, kama mtu anayerudia alichoambiwa ili asikisahau. Halafu akaiweka simu juu ya ungo, katikati ya mchele, akaendelea kupepeta. Simu ikawa inarushwa juu na mchele, inaanguka, inarushwa tena. Nilisimama nikaitazama ile simu. Nilikuwa najiuliza mstari wa chaki unatitiaje.

Jirani mmoja ndiye aliyekuja kuukamata mkono wake.

Shangazi Minza, dada yake baba, alifika kutoka Mhunze siku iliyofuata. Tulimsikia kabla ya kumwona, kilio chake kilianza pale alipoteremka kwenye gari na kikaja naye mpaka mlangoni. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kwaya, na alimpenda baba kuliko mtu yeyote duniani. Hilo silitilii shaka hata leo. Akanikumbatia mpaka pumzi ikanikatika. Aliponiachia akanitazama usoni.

"Hujalia, ng'wana wane, mwanangu?"

Nikatikisa kichwa.

"Utalia," akasema. "Akija utalia."

Baba alikuja kwa Fuso, ndani ya sanduku lililofunikwa turubai, pamoja na wenzake wa machimboni wamekaa pembeni yake, vumbi lileile masikioni. Walileta mchele, mafuta na gunia zima la vitunguu. Hamisi, mtu wa Tanga aliyekuwa akiwapikia kambini, ndiye aliyeshika jiko la msiba. Nilimtazama akikata vitunguu beseni baada ya beseni, akivimimina kwenye sufuria kubwa kuliko mimi. Alikuwa anawaambia wanawake waliomsaidia kwamba mchuzi hauhitaji maji mengi, kitunguu kiachwe kiyeyuke chenyewe. Machozi yalimtiririka mpaka shingoni na hakuna aliyeweza kujua ni ya nini.

Tulimzika baba nyuma ya nyumba, karibu na mipapai. Niliangalia viatu vya watu. Niliona kwamba mchungaji alikuwa amefunga kamba moja nyeusi na nyingine ya kahawia. Mama alipiga ukelele mmoja mrefu sanduku lilipoteremshwa, akashikwa, akanyamaza, na toka hapo hakusema tena. Shangazi alinisogeza mbele nitupe udongo. Nikautupa. Mwili wangu ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unajua ni wako, unauona, lakini ukiugusa ni kama unagusa wa mwenzako.

"Lia, Kabula," shangazi akaninong'oneza, si kwa ukali. "Ukibana kitakuozea ndani."

Nilijaribu. Nilikaza macho, nikabana pumzi. Hakuna kilichokuja.

Katika siku zile za matanga watu walikaa uani, mikeka ilijaa, na chakula kilipikwa bila kukoma. Kila sufuria ilipokwisha, chini kulibaki ukoko na mchuzi mzito uliojaa vitunguu. Wanawake wakawa wanamwaga vyote kwenye karai la Karasha. Shangazi mwenyewe aliagiza. "Mpeni mbwa wa marehemu," alisema. "Naye ana msiba." Karasha hakuwahi kula hivyo maishani mwake. Alikula mpaka karai likang'aa, akatikisa mkia, akasubiri jingine. Mimi nilikuwa namtazama, kwa sababu kumtazama mbwa hakukuhitaji kufanya uso wowote. Nilimwona amefurahi. Nakumbuka niliwaza: yeye hajaambiwa.

Halafu akabadilika. Kwanza aliacha kuwafuata watoto. Kisha akaacha kunyanyuka mtu mgeni alipoingia. Akawa anajikokota mpaka kwenye kaburi la baba, analala juu ya udongo ule mpya, tumbo chini, miguu ameitandaza, anahema haraka haraka kama mbwa aliyekimbia ilhali hajakimbia.

Shangazi alikuwa wa kwanza kumwona.

"Njooni! Njooni mtazame!"

Watu wakaja nyuma ya nyumba. Wakamwona mbwa amelala juu ya kaburi la bwana wake, macho nusu yamefumba. Mwanamke mmoja akaanza kulia upya. Kijana mmoja akatoa simu akapiga picha, na wengine nao wakatoa zao. Kila mgeni aliyekuja toka siku hiyo alipelekwa kwanza kwa mama kutoa pole, kisha nyuma ya nyumba kumwona Karasha. Nilisikia wakisema, "Hata mnyama!" Na baada ya kusema hivyo walinitafuta kwa macho, na waliponiona nimesimama pale na macho yangu makavu, walitazama pembeni.

Sikuwachukia. Nilikubaliana nao. Niliona wazi kwamba msiba una namna yake, na katika nyumba yetu ni mbwa ndiye aliyeijua.

Asubuhi moja Karasha alinyanyuka kwa shida akaenda kukojoa kwenye mpapai. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana, na chini, ulipoingia kwenye mchanga, ulikuwa mwekundu. Shangazi alikuwa anapita na ndoo. Akaitua ndoo polepole.

"Analia damu," akasema. "Machozi yamekwisha, sasa ni damu."

Niliyachukua maneno yale kama yalivyo. Kama baba alikuwa ndani ya mstari wa chaki, kwa nini mbwa asilie kwa mkojo? Nikaelewa kwamba hivi ndivyo inavyokuwa: uchungu ukiwa wa kweli unashuka mpaka huko chini na kutoka mwekundu. Labda hata wangu ulikuwa njiani. Kwa hiyo kila nilipokwenda chooni nilikojoa nje, nyuma ya ukuta wa choo, mahali penye mchanga mweupe, nikageuka na kuinama nikatazama. Ulikuwa wa kawaida. Nikashusha gauni langu nikarudi uani. Nilifanya hivyo kwa siku nyingi na sikumwambia mtu. Sikuwa na huzuni wala hofu nilipokuwa nikitazama. Nilikuwa kama mtu anayekwenda barabarani kuangalia kama basi limefika.

Karasha alipokataa chakula kabisa, mama alinyanyuka.

Wageni wengi walikuwa wameshaondoka, wachimbaji walikuwa wamerudi Geita na Fuso lao, na gunia la vitunguu lilikuwa bado limeegemea ukuta wa jikoni karibu nusu. Mama alikuwa amekaa mahali pamoja tangu mazishi, akila alipolishwa. Siku ile alikwenda nyuma ya nyumba, akachuchumaa mbele ya mbwa, akamshika taya. Akarudi jikoni. Akaweka mifupa ya supu motoni, akachukua vitunguu kutoka kwenye gunia, akavimenya na kuvikata vingi, kama anayempikia mzazi aliyejifungua. Supu ilipokuwa nzito akaipoza kwa kuimimina kutoka kikombe hadi kikombe, akaenda kumnywesha Karasha kwa kijiko.

Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma nikamsikiliza. Alikuwa anaongea na yule mbwa. Alimwambia anywe. Alimwambia asimfanyie hivyo. Alimwambia jinsi baba alivyomleta kwenye boksi na alivyonuka. Kwangu alikuwa hajasema neno toka siku ya mazishi, na sasa maneno yote yalikuwa yanakwenda kwa mbwa, na mbwa alikuwa anameza kwa sababu kijiko kilikuwa mdomoni. Mchana akampikia tena. Jioni tena. Kesho yake akaamka mapema akaweka sufuria motoni kabla ya uji wetu.

"Wifi," shangazi alimwambia, "muache amfuate bwana wake. Amechagua."

Mama akafunua sufuria. Akaongeza kitunguu.

Na Karasha alizidi. Alipojaribu kusimama miguu ya nyuma ilimvunjikia. Alihema amelala. Nzi walitua puani na hakuwafukuza.

Afisa mifugo wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye pikipiki na mabuti ya mpira. Kazi yake ilikuwa ya wanaume kabla yake, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita bwana mifugo, na mwenyewe aliitikia. Alikuwa vijijini kuchanja ng'ombe msiba ulipotokea. Aliporudi akaja kutoa pole, na shangazi, kama kawaida, alipomaliza kupokea pole akamwongoza nyuma ya nyumba.

"Shikamoo bwana mifugo," nikasema.

"Marahaba, mama. Pole."

Akachuchumaa. Shangazi alikuwa ameanza kumsimulia, tangu siku ya kwanza mbwa alipolala juu ya kaburi, lakini yule mwanamke hakuwa anatazama kaburi. Aliinua mdomo wa juu wa Karasha kwa kidole gumba. Ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi, na kwa mbali una manjano. Akavuta chini kope la jicho akatazama. Akaweka kiganja ubavuni, akahesabu pumzi.

"Anakojoa rangi gani?"

"Damu," shangazi akasema. "Analia damu."

"Toka lini?"

Shangazi akanitazama. Mimi ndiye niliyejua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakagua mikojo ya nyumba ile.

"Toka wageni walipokuwa wengi," nikasema.

Yule mwanamke aliuliza kuhusu sumu ya panya, kama kuna jirani aliyeitega. Hakuna. Akapekua manyoya, akatafuta kupe nyuma ya masikio na kati ya vidole. Akampata mmoja, akamtazama, akamponda kwa kisigino. Halafu akauliza, "Anakula nini?"

"Anakula kuliko sisi," shangazi akasema. "Hatujamnyima kitu. Pilau, mchuzi, na sasa mama yake anampikia supu yake mwenyewe."

Mama alikuwa amefika mlangoni na kikombe mkononi. Mvuke ulikuwa unapanda. Afisa mifugo akanyanyuka akakiomba kile kikombe, akanusa, akachota kwa kijiko akaangalia kilichomo. Kilikuwa nusu kitunguu.

"Mama Kabula," akasema taratibu, "hii usimpe tena."

"Ni supu," mama akasema. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini.

"Najua. Ni kitunguu. Kitunguu kinaharibu damu ya mbwa. Kinaivunja ndani kwa ndani, inatoka na mkojo. Kibichi, cha kupikwa, cha kukaanga, ni kilekile. Kidogo pengine asingeonyesha kitu. Lakini huyu amekula cha msiba mzima."

"Kitunguu ni chakula!" shangazi akasema. "Tumekula sote. Mchungaji amekula."

"Sisi hakitudhuru, shangazi. Mbwa ni mbwa."

"Kwa hiyo unataka kusema mbwa huyu hana uchungu?"

Yule mwanamke alifuta mikono yake kwenye suruali. Nadhani alikuwa amechoka, alikuwa ametoka njiani.

"Sisemi hivyo," akasema. "Nasema ana kitunguu."

"Na kaburini anafuata nini?"

"Udongo mpya una ubaridi. Anaumwa, anatafuta pa baridi."

Kuku alipita kati yetu. Mama alikuwa ameshika nguzo ya mlango.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Hukujua. Wala mimi siwezi kukuapia kwa asilimia mia, sina kipimo hapa, damu inataka kupelekwa maabara. Lakini ukiniuliza, ndicho hicho. Mpe maji mengi. Mpe nyama ya kuchemsha tupu, na uji wa mahindi, usiweke kitu. Wala kitunguu saumu. Halafu tungoje. Damu huwa inarudi ikiachwa irudi. Akifika kesho kutwa bado anameza, nitaanza kuwa na matumaini."

Mama alichukua kikombe, akaenda jikoni, akatoka na sufuria. Akachimba shimo kwa jembe pembeni ya banda la kuku, akamimina supu yote, akafukia, akakanyaga juu. Kisha akalivuta gunia la vitunguu mpaka nje ya uzio. Majirani walikuja wakajichotea, na walipomshukuru, "Wabeja, mama, wabeja," aliitikia kwa kichwa.

Baadaye nilimkuta ameinama kwenye ndoo anajisugua mikono kwa majivu. Alikuwa anajinusa vidole, anasugua, anajinusa tena. Nikasimama karibu.

"Mama," nikasema, "kwa hiyo Karasha alikuwa halii?"

"Alikuwa anaumwa."

"Na damu?"

"Si umesikia? Kitunguu."

Niliwaza jambo hilo. Kitu fulani kilikuwa kinalegea kifuani mwangu, lakini si kile walichokuwa wananingojea. Ilikuwa zaidi kama mtihani uliofutwa.

"Mimi sijalia," nikasema.

Mama akaacha kusugua. Mikono yake ilikuwa ya kijivu mpaka kwenye viwiko.

"Nani amekwambia ulie?"

"Shangazi. Na watu."

Akanitazama kwa muda, kama mtu aliyerudi kutoka safari na kukuta mtoto wake amerefuka. "Hata mimi sijalia," akasema. "Ule ukelele nilipiga kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Ndani hamna kitu, Kabula. Naingia, natafuta, hamna kitu." Akarudisha mikono kwenye ndoo. "Nenda kamwangalie mbwa kama ana maji."

Nikaenda. Hatukuzungumza tena jambo lile siku ile wala siku nyingine yoyote, na mama yangu bado yuko hai.

Karasha alipona polepole na bila kishindo chochote. Alikunywa maji. Alilamba uji. Mama alimchemshia nyama kwenye kisufuria chake peke yake na hakumruhusu mtu mwingine kukigusa, hata kijiko chake kilikaa mbali na vyetu. Mkojo ukarudi kuwa kahawia, kisha njano. Hilo nililithibitisha mwenyewe, na siku nilipolithibitisha nikaacha kukagua na wangu. Afisa mifugo alipita tena, akamwinua mdomo, akaniita nije nitazame. Ufizi ulikuwa umeanza kuwa na rangi ya waridi, kama mtu aliyepaka rangi kidogo na maji mengi. "Umeona?" akaniambia. Nikasema nimeona.

Shangazi alirudi Mhunze kabla mbwa hajaweza kutembea vizuri. Aliniaga kwa kunibusu kichwani na hakunitajia kulia. Nasikia huko kwao aliendelea kusimulia habari ya mbwa aliyemlilia kaka yake mpaka akakojoa damu, na alipoisimulia watu walilia, na kitunguu hakikuwamo. Zamani hilo liliniudhi. Sasa nadhani alikuwa na kaka mmoja tu, na hakuwa na kitu kingine cha kuwaonyesha watu.

Mvua za kwanza zilipopita, Hamisi alikuja kutoka Geita. Alikuwa amepanda basi peke yake, na Karasha, aliyekuwa amelala kivulini, alinyanyuka akambwekea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Mama akatoka jikoni. "Kabula, mshike mbwa," akasema, "mgeni anaogopa." Nikamshika shingoni.

Hamisi alikuwa amebeba begi la baba. Lilikuwa limebaki kambini, alisema, chini ya kitanda cha mwenzake, ndiyo sababu halikuja na Fuso. Aliongea akitazama chini. Mama alimpa kigoda, akampa maji, akamsikiliza. Alipomwambia atampikia chakula, Hamisi alisema asisumbuke, basi la kurudi lingepita mapema. Kisha akaaga, na mama akamsindikiza mpaka barabarani.

Barazani tukabaki begi, mimi na mbwa. Nikalifungua. Kulikuwa na tochi isiyo na betri, shati moja, soksi zilizokakamaa kwa tope jekundu, na taulo. Nikainua shati nikalinusa. Nilikuwa nimejiandaa. Lilinuka chuma na sabuni nisiyoijua, sabuni ya huko, na nikagundua kwamba sikuwa nimewahi kuijua harufu ya baba akiwa kazini, nilijua tu harufu yake akiwa amerudi. Nikaliweka chini.

Karasha akasogea. Alinusa mpini wa begi, akanusa zipu. Kisha akaingiza kichwa chote ndani, mpaka masikio yakapotea, lile lililokunjika na lile lililosimama, akatulia. Mkia haukutikisika. Mbavu zilipanda na kushuka polepole, pumzi ndefu, si ile ya ugonjwa.

Mama alirudi kutoka barabarani akatukuta hivyo. Nilimtazama nione kama atasema kitu. Alisimama pale, khanga begani, akamtazama mbwa. Nilitaka kumuuliza mama: Karasha anafanya nini? Nadhani hata yeye alitaka mtu wa kumuuliza, lakini shangazi hakuwepo, na yule mwanamke wa mabuti hakuwepo, hapakuwa na mtu wa kutuambia ni uchungu au ni harufu tu ya soksi.

"Muache," mama akasema, ingawa sikuwa nimemgusa.

Akakaa chini sakafuni, upande wa pili wa begi. Mimi nikakaa upande huu. Tukamngoja amalize.